Kocha Akija Kumtaka Mtoto, Tumuulize Habari ya Shule

Mazungumzo ya Kamati ya Elimu na Michezo mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, viongozi wa dini, walimu, vijana, na ndugu zetu wote mliotoka Kibiti, Bungu, Mchukwi, Ruaruke na Nyamisati, pamoja na mliovuka maji kutoka Mbwera, Salale, Maparoni, Msala na Kiongoroni:

Kamati yetu imepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kabla hatujafika kwenye ahadi na michango. Jambo lenyewe ni maneno anayoyasema kocha anapokuja kumtaka mtoto wa sekondari, hasa pale anapoulizwa: na shule je?

Tunaanza kwa kusema kwamba hatuupigi vita mpira. Wengi wetu tunaoishi Mbagala tunaikumbuka klabu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ilikuja kuitwa African Lyon. Humo ndimo alimopita Mbwana Samatta kabla ya kwenda Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Mtoto wa Delta anayecheza peku kwenye uwanja unaosubiri maji ya bamvua yapungue anayo haki ya kuota ndoto hiyo hiyo. Tunachotaka ni kwamba atakapoitwa, asiache nyuma kitu ambacho hatakipata tena.

Makocha na mawakala huwaona vijana wetu kwenye UMISSETA, kwenye mashindano ya kata na kwenye ligi za mitaani wakati wa likizo. Kijana akimpendeza, mgeni huja nyumbani, hukaribishwa mkeka, hunywa dafu, na mazungumzo huanza. Ukiyasikiliza mazungumzo hayo katika nyumba kumi, utakuta habari ya shule inasemwa kwa namna zilezile nne au tano.

Wa kwanza husema, "Shule atasoma hukohuko." Ni neno zuri, lakini halina jina la shule. Mtoto wa kidato cha pili hahami kwa maneno. Uhamisho una barua, una mkuu wa shule anayemtoa, una mkuu wa shule anayempokea, na una ofisi ya elimu inayopitisha. Mtoto akiondoka bila hayo, kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Na tukumbuke kwamba kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa. Asiyeufanya hawezi kuingia cha tatu kwa njia ya kawaida. Kidato cha nne nacho kina usajili wa mtihani, unaofanyika mapema, kwenye kituo maalumu, miezi mingi kabla ya Novemba. Kijana anayekwenda Dar es Salaam mwezi wa tatu "kwa majaribio kidogo" anaweza kurudi mwezi wa tisa akakuta jina lake halimo.

Wa pili husema, "Mwacheni msimu mmoja, akishindwa atarudi darasani." Ni kweli kwamba mlango wa kurudi upo. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi katika mfumo rasmi. Ipo pia njia ya mtihani wa maarifa, ambao wengi tunauita QT, na njia ya mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini anayerudi anarudi akiwa na umri mkubwa kuliko wenzake. Wengine hurudi na goti bovu na aibu ya mtaa mzima, huku wenzake wakiwa wameshamaliza. Mlango kuwa wazi na mtu kuwa na nguvu ya kuupita ni mambo mawili. Anayetoa ahadi ya kurudi aseme pia nani atamlipia nauli, ada ya mtihani na mahali pa kulala.

Wa tatu husema, "Huyu akili yake iko miguuni." Neno hili ni baya kuliko yote, kwa sababu husemwa mbele ya mtoto mwenyewe naye hulibeba. Kijana anayekosa wiki tatu za masomo akiwa kwenye dungu kulinda mpunga, au anayekwenda dago na baba yake wakati wa kamba, akirudi akashika nafasi ya mwisho darasani, hajathibitisha kwamba hana akili. Amethibitisha kwamba hakuwepo. Kocha anayempima mchezaji kwa siku aliyokuwa mgonjwa tungemwita kocha mbaya. Basi tusikubali mtoto apimwe akili kwa muhula ambao hakuwa darasani.

Wa nne ni yule asiyetaja shule kabisa. Anataja viatu, posho na jina la klabu kubwa. Mzazi akiuliza habari ya masomo, hucheka kidogo na kusema, "Mama, hayo tutayaona."

Na wa tano yupo, tusimdhulumu. Ni kocha anayeanza kwa kusema, "Nioneshe ripoti yake ya muhula." Anauliza somo gani linamshinda. Anataja shule kwa jina na mwalimu wa kuzungumza naye. Anasema mazoezi ni saa 10 jioni, baada ya vipindi. Kocha wa namna hiyo akija, mpeni kiti na msikilizeni.

Ndugu zetu, kwa nini kocha mmoja aulize ripoti na mwingine asiulize? Kamati imelitazama jambo hili na kuona kwamba mara nyingi sababu si wema wala ubaya wa moyo. Kocha huzungumzia shule pale ambapo bila shule hawezi kumpata mchezaji. Pale ambapo anaweza kumpata bila shule, hunyamaza.

Tazameni Marekani. Kule vyuo vikuu ndivyo vinavyowania vijana wa sekondari, na kocha wa chuo husafiri hadi sebuleni kwa mzazi. Karibu kila kocha huzungumzia masomo, kwa sababu kanuni inambana. Chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kinadai kwamba anayetaka kucheza daraja la kwanza awe amepita masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wake usipungue 2.3 katika kipimo cha 4. Bila hivyo kocha anaweza kumpenda kijana apendavyo, hatampanga. Watanzania wamepita njia hiyo. Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha nchini. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA, na Memphis Grizzlies.

Lakini hata huko neno "masomo" linaweza kuwa ganda tupu. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya uchunguzi kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichopo Chapel Hill. Ilionesha kwamba kwa miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika madarasa ambayo hayakuwa na mwalimu wala vipindi, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Sisi tunajua wafanyakazi hewa. Wenzetu walikuwa na madarasa hewa. Na hata somo la Kiswahili lilitumika humo: mtu aliandika insha kwa Kiingereza kuhusu Waswahili, akahesabiwa kuwa amesoma lugha. Kwa hiyo haitoshi kocha kusema "atasoma". Tuulize atasoma nini, saa ngapi, kwa mwalimu gani.

Mpira wa kulipwa nao una kanuni inayotusaidia, na wazazi wengi hawaijui. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na hata zile klabu za Ulaya zinazoruhusiwa kuchukuana vijana wa miaka 16 hadi 18 zinatakiwa kumhakikishia kijana elimu ya darasani au ya ufundi, ili akiacha mpira awe na kazi nyingine ya kufanya. Basi mtu akija kusema atampeleka mtoto wa miaka 15 kwenye klabu ya ng'ambo mwezi ujao, jueni mapema kwamba kuna neno hajalisema.

Mfano wa njia ya halali ni Kelvin John, aliyekuwa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 zilizochezwa Dar es Salaam mwaka 2019. Kabla ya kutimiza miaka 18 alikwenda Uingereza kwenye Brooke House College, ambayo ni shule yenye mafunzo ya mpira. Mwaka 2021, alipotimiza umri, ndipo akasaini Genk. Shule ilikuwa ndiyo barabara yenyewe ya kwenda klabuni.

Karibu yetu, Mkenya Michael Olunga, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani mwaka 2020 kwa mabao 28, alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya na akamaliza shahada yake huku akicheza. Na mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Durban wakatwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa shule. Zawadi ya bingwa ilikuwa Dola za Marekani 300,000 kwa ajili ya kuendeleza shule. Wale wasichana walishinda wakiwa wanafunzi, na shule ikafaidika. Wenye mabinti, mlisikie hilo pia.

Sasa turudi Kibiti. Kama kocha huzungumzia shule pale tu anapobanwa, sisi tuna nini cha kumbana? Tuna saini. Kwa sheria za nchi yetu, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hawezi kufunga mkataba mwenyewe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya elimu. Saini ya mzazi au mlezi ndiyo ufunguo. Kwa muda mrefu ufunguo huu umekuwa ukitolewa kwa jozi ya viatu na nauli ya kwenda Rangi Tatu. Kamati inapendekeza usitolewe tena mpaka mgeni ajibu maswali haya sita, kwa maandishi:

1. Mtoto atasoma shule gani, na barua ya kumpokea iko wapi?
2. Mazoezi ni saa ngapi? Kama ni saa 2 asubuhi, masomo yatakuwa saa ngapi?
3. Atafanyia mtihani wa taifa kituo gani, na nani atahakikisha amesajiliwa?
4. Atalala kwa nani, na mtu huyo tunaweza kumtembelea?
5. Akiumia, nani atamtibu, na shule itaendelea?
6. Asipofaulu majaribio, nani atamrudisha nyumbani, na kwa tarehe gani?

Maswali haya hayamfukuzi kocha mwema. Yule wa tano tuliyemtaja atayajibu kabla chai haijapoa. Atakayekasirika, hasira yake ndiyo jibu.

Tunajua pia kwamba mzazi aliye peke yake kisiwani, boti ikiwa inasubiri maji kujaa, hana nguvu ya kumuuliza mgeni mwenye gari maswali sita. Hapo ndipo chama kinapoingia, na hapo ndipo tunapoomba mkono wenu mwaka huu. Maombi ni matatu.

La kwanza, kila kata iwe na mtu wa chama atakayekaa na mzazi siku ya mazungumzo na kushuhudia maandishi. Tunaomba walimu wastaafu wajitolee, na mfuko uwape nauli ya boti na pikipiki.

La pili, ndugu mnaoishi Mbagala, Temeke na Yombo mjiandikishe kuwa walezi. Kijana wa kwetu anayekuja mjini kwa majaribio asilale kwa mtu tusiyemjua. Tunahitaji chumba, sahani ya wali, na mtu mzima wa kumuuliza jioni, "Leo shuleni mmefundishwa nini?"

La tatu, mfuko uwalipie ada ya mtihani na vitabu wale walioondoka kwa ajili ya mpira wakarudi mikono mitupu. Wapo vijijini mwetu. Wengine wanakata mikoko, wengine wanaendesha bodaboda Bungu na Jaribu Mpakani. Hawakufanya kosa kuwa na kipaji. Tukiwasajili kuwa watahiniwa wa kujitegemea, mtoto anayewatazama leo ataona kwamba mpira ukikukataa, kwenu bado wanakutaka.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Atakayetoa fedha aandike, atakayetoa chumba aandike, atakayetoa muda wake aandike. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kijana wa Delta atafunzwa na ulimwengu tu, maana dunia haikwepeki. Sisi tunataka aende akiwa na cheti mkononi na namba ya simu ya mtu wa kwao mfukoni.

Karibuni kwenye ahadi.