Ati daktari mwanagenzi ni mwanafunzi tu?

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya vijana wenzangu Karatina, nikaombwa niyaandike. Kama kawaida yetu, sitaji mwanasiasa wala chama.

Mmewahi kusikia mheshimiwa akisema redioni, "Hawa bado ni wanafunzi, mwanafunzi analipwa mshahara gani?" Hoja hiyo hupigiwa makofi sana, kwa sababu mtu anayechuma majani chai pale Othaya akisikia elfu sabini kwa mwezi anaona ni pesa nyingi. Na kwake ni nyingi kweli, tusimcheke.

Lakini huyo "mwanafunzi" ni nani? Amesoma udaktari miaka sita, amehitimu. Sasa lazima afanye kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa wake, apite wodi ya watoto, ya uzazi, upasuaji na magonjwa ya ndani, ndipo apate leseni kamili. Ukimkimbiza shosho hospitali saa nane usiku, anayekuja kumpima kwanza mara nyingi ni yeye. Binamu yangu alifanya mwaka wake katika hospitali moja ya umma huku mlimani. Jumapili moja alikuja kwetu kula chakula cha mchana, akashikwa na usingizi kijiko kikiwa mkononi. Alikuwa ameingia kazini Jumamosi asubuhi na kutoka Jumapili saa sita mchana. Mama alimwondolea sahani polepole.

Tuje kwa pesa. Mkataba wa pamoja, ile CBA, ulitiwa saini 2017 baada ya mgomo wa siku 100. Uliweka mwanagenzi kwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali kuu ikasema haimudu, itatoa 70,000. Madaktari wakagoma siku 56, kutoka Machi 14 hadi Mei 8, na suala la wanagenzi bado likabaki likining'inia. Ni Desemba ndipo ilikubaliwa malipo yafuate mkataba wa 2017. Kwa hivyo mtu akisema "wanaitisha nyongeza", mwulize, nyongeza juu ya nini? Waliitisha kilichosainiwa. Unaweza kusema serikali ilikosea kusaini. Hiyo ni hoja, na naiheshimu kuliko ile ya mwanafunzi.

Kitu ambacho midahalo husahau ni siku ile mwaka wa uanagenzi unaisha. Mwanagenzi hulipwa na serikali kuu. Akimaliza, hospitali nyingi atakazoomba kazi ni za kaunti, maana Katiba ya 2010 iligatua afya. Mmoja anamwachilia, na mwingine hajajipanga kumpokea. Leseni anayo, wodi zina upungufu, na yeye yuko nyumbani akingoja tangazo la kazi. Hapo ndipo tunawapoteza, anaenda hospitali ya kibinafsi Nairobi au anajiandaa kwa mtihani wa Uingereza. Binamu yangu yuko kwa huo mtihani sasa. Na hata wakiajiriwa si mwisho wa shida: mwaka 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma karibu miezi mitano.

Basi 2027 wakija kuomba kura, msiwaulize kama watalipa madaktari. Wote watasema ndiyo. Anayetaka ugavana mwulizeni: bajeti yako ina nafasi ngapi za madaktari, na wanaomaliza uanagenzi katika wodi zetu mwaka huu utaajiri wangapi?