Tuandike Yaliyo Mbele Yetu



Kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, tulipokimbia vita Kivu ya Kusini na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi sisi wa kikundi cha waandishi tulisema, "Tutaandika tukirudi nyumbani." Tulidhani hapa hakuna cha kuandika ila vumbi na foleni. Wazee wakafa na habari zao, nasi kalamu tunayo.

Ndipo tukaanza na yaliyo karibu: ndoo zilizopangwa bombani tangu alfajiri, kila moja na alama ya mwenyewe, mama anayepima unga wa mgao kwa kikombe, akihesabu siku zilizobaki. Mtoto aliyezaliwa hapa akauliza, "Ziwa lina ukubwa gani?" Kila mzee alijibu kivyake, na kila jibu likatoa kijiji, mtumbwi, ndagala, na jina la marehemu. Tumejaza madaftari kwa swali hilo moja.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alianza kuandika ugenini Uingereza akiwa na miaka 21. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakungoja kurudi.

Vijana, msingoje. Kaeni na wazee wenu jioni ya leo.

Wageni wetu, mnatuandika kwa idadi. Tunaomba mtusome pia kwa maneno yetu.