Atakuja Kesho



Mliniomba niseme juu ya tabia ya mtu. Sitaenda mbali na ziwa letu.

Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma, akatua Kibamba, kule kwetu Fizi. Wakuba aliokuja nao walipewa namba za Kiswahili kuwa majina. Yeye akaitwa Tatu. Mkuu wa waasi wa upande ule alikuwa kijana wa miaka 25, Laurent-Désiré Kabila. Che akamngoja. Kila mara habari ikaja kutoka ng'ambo: mkubwa yu njiani, atakuja kesho. Julai Kabila akafika kweli, na watu wakachangamka, maana alijua kusema nao. Akakaa siku chache, akarudi Kigoma. Novemba Che akaondoka ameshindwa. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba Kabila peke yake ndiye aliyeonekana kuwa na kipaji cha kuongoza umati, ila alikosa uzito.

Wengi huishia hapo, wakacheka. Mimi naona si haki. Kabila huyohuyo alirudi milimani kwetu, mwaka 1967 akaunda chama cha PRP, na maskani yao ya Hewa Bora ikadumu hadi miaka ya 1980, Rais Mobutu akiwa na nguvu zake zote. Ni watu wake pia waliowateka watu wanne wa kituo cha utafiti kule Gombe, ng'ambo ya ziwa, Mei 1975, wakadai fidia. Mwaka 1997 akaingia Kinshasa, akawa rais. Basi alikuwa mvumilivu au mtoro? Vyote viwili. Alijua kungoja zamu yake miaka thelathini. Kuwahi pale alipongojewa na wengine, hilo lilimshinda.

Sasa ndugu zangu, nani humu hayuko ng'ambo? Tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukapanda ndege, na leo sisi ndio wale wa Kigoma. Shangazi yuko kwetu Swima, Fizi, na simu mkononi, anasikiliza sauti yetu: nitatuma Ijumaa. Picha za gari letu ameziona, amezisifu. Ila tabia yetu anaijua kwa ile Ijumaa, na Ijumaa inayofuata.

Nisiwacheleweshe chakula. Mweka hazina, njoo na daftari la mchango wa msiba. Soma ahadi za mwaka jana, jina kwa jina, na tarehe zake.