Mwenye Kununua na Mwenye Kuuza Wasiwe Mtu Mmoja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa migodi na wenyeji wa Baraka na Fizi)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara, wala juu ya bei ya dhahabu kule Misisi. Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la makarani tu, nalo ni namna Leta na mji wanavyonunua vitu. Mabati ya shule, simenti ya daraja, dawa za hospitali, mafuta ya gari la ofisi: vyote hivyo hununuliwa. Navyo hununuliwa kwa franka za nani? Mji hauna shamba wala nyavu za kuvulia. Franka zake zinatoka kwa mama auzaye ndagala sokoni, kwa kijana wa pikipiki, kwa mchimbaji aliye ndani ya shimo. Basi jambo hili ni la kwenu kabla ya kuwa la makarani.

Sisi makarani wa mgodi tunajua namna kitu kinavyonunuliwa. Mmoja anaomba kitu. Wa pili anatafuta bei. Wa tatu anatia sahihi kwenye komande. Wa nne anapokea vitu depo na kuvihesabu. Wa tano analipa. Kwa sababu gani watu watano? Si kwa kupenda karatasi. Ni kwa sababu mtu mmoja akizishika kazi zote tano, hakuna wa kumwuliza neno. Mifuko 100 ya simenti inaandikwa, mifuko 70 inafika, na aliyehesabu ndiye aliyelipa.

Lakini kuna ugonjwa ambao hata watu watano hawauponyi. Ni pale mwenye kununua anapokuwa pia mwenye kuuza. Ofisi inataka mabati. Mkubwa wa ofisi ana duka, ila kwenye karatasi za duka limeandikwa jina la shemeji yake. Proforma tatu zinaletwa ili kufuata sheria. Tatu kweli, lakini zimeandikwa na mkono mmoja: moja ya duka lile, na mbili za juu zaidi, zilizoazimwa muhuri kwa rafiki. Halafu inasemwa, “Tazameni, tumechagua bei ndogo.” Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Hatusemi kila mkubwa ni mwizi. Tunasema mkono ulioshika ngozi huvuta, hata mwenyewe asipotaka.

Kuna hila nyingine tena. Komande kubwa inakatwa vipande vidogo vidogo, ili kila kipande kiwe chini ya kiasi kinachodai kutangaza mbele ya watu wote. Fakture kumi ndogo kwa mwuzaji mmoja katika mwezi mmoja ni fakture moja kubwa iliyofichwa.

Je, sheria hazipo? Zipo. Tarehe 3 Oktoba 2002 ilitoka amri namba 017/2002 juu ya mwenendo wa mtumishi wa Leta. Inamkataza kuchanganya faida yake na kazi ya watu wote. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 ikaja juu ya masoko ya Leta, yaani manunuzi yote ya serikali, ya majimbo na ya miji. Msingi wake ni huu: soko litangazwe, kila mwenye uwezo aruhusiwe kuleta bei, na wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Mapatano ya wawili tu, ambayo Wafaransa huyaita gré à gré, hayakukatazwa kabisa. Yanaruhusiwa kwa sababu chache, kama vile hatari ya ghafla, au kitu kisichopatikana ila kwa mtu mmoja. Sheria hiyo ikaleta ofisi ya DGCMP ya kuchungua masoko kabla, na ARMP ya kuyasimamia na kupokea malalamiko ya wauzaji walioonewa.

Hata kwenye migodi sheria imesema. Kodi ya migodi ya mwaka 2002, iliyotengenezwa upya mwaka 2018, inawakataza watumishi wa Leta, mahakimu, askari na polisi kuomba haki za mgodi, au kuchukua karata ya mchimbaji au ya mnunuzi wa mawe. Sababu ni ile ile. Mwenye kulinda mzani asiwe mwenye kupima dhahabu yake juu yake.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Kodi ile ya migodi inasema kampuni ilipe asilimia 3.5 ya thamani ya dhahabu. Katika malipo hayo, asilimia 15 ni ya mji, sekta au shefferi ambako dhahabu imechimbwa. Dhahabu ikiwa ya dola 1,000,000, malipo ni dola 35,000, na fungu la mahali ni dola 5,250. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, yaani dola 3,000 kwa milioni moja hiyo. Tazameni udogo wake! Milima imechimbwa, maji yamechafuka, na kwa milioni moja wenyeji wanabaki na dola 8,250. Bati la dola 10 likiandikwa dola 16, zaidi ya theluthi ya pesa hiyo ndogo imekwenda kwa shemeji wa mtu. Watoto wa Lulimba wanakaa chini, na kwenye karatasi wana darasa.

Nchi yetu imeuona ugonjwa huu mkubwa kuliko hapa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wana wa nchi. Watu walishangilia. Lakini waliogawa ndio waliopokea: wakubwa wa chama na wa Leta, na jamaa zao. Maduka yakauzwa mpaka rafu zikabaki tupu, na mwaka 1976 mengine yakarudishwa kwa wenyewe wa kwanza. Na tarehe 25 Novemba 1977 Mobutu mwenyewe alilalamika mbele ya taifa kwamba katika nchi hii kila kitu kimekuwa cha kuuzwa na kununuliwa. Wala si mambo ya zamani tu. Mwezi wa Septemba 2025 Korti ya Kasasio ya Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu, katika kesi ya dola karibu milioni 20 za kujenga gereza la Kisangani. Mkataba ule ulikuwa wa mapatano ya wawili.

Majirani zetu ng’ambo ya ziwa nao walishindana na jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa Tanzania Bara kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Kenya ilishika njia nyingine. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ilikubali mtumishi wa serikali afanye biashara. Baadaye nchi zote mbili zimekaribiana. Tanzania ililegeza masharti mwaka 1991, kisha sheria ya mwaka 1995 ikawataka viongozi watangaze mali zao. Kenya, mwezi wa Julai 2025, ilipata sheria yake juu ya mgongano wa faida. Tunajifunza nini? Kuruhusu kila kitu kunaharibu, na kukataza kila kitu kunawafundisha watu kuficha. Lililobaki kwa wote wawili ni kutangaza.

Hapo ndipo shida yetu wenyewe. Tunasikia watu wakisema: “Ninyi makarani mnaota. Hapa Baraka na Fizi sisi sote ni ndugu. Asiye wa ukoo wako ni mkwe wako, asiye mkwe mnasali naye. Ndugu wa meya asipouza, nani atauza?” Swali hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Undugu si kosa. Kosa ni undugu uliofichwa. Mwuzaji aandike kwenye karatasi yake: duka hili ni la nani kweli, nani mwingine ana franka ndani yake, ni nani katika ofisi inayonunua aliye ndugu yake, mkwe wake, au anayemdai deni. Na yule wa ofisini aandike vivyo hivyo. Kisha siku ya kuchagua bei, mwenye undugu atoke nje ya nyumba, wengine wachague. Bei ya ndugu yake ikiwa nzuri kweli, itashinda bila yeye. Isiposhinda bila yeye, basi haikuwa nzuri.

Wengine watasema: “Kuna vita, barabara ya Uvira ni mbaya, hakuna nafasi ya karatasi.” Ndugu, haraka inaweza kuondoa tangazo la soko, haiondoi jina la mwuzaji. Kuandika mistari mitatu hakuchelewi hata saa moja.

Amri ya mwaka 2013 iliandika Baraka kati ya miji. Lakini uchaguzi wa washauri wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Hapa hatukuchagua mtu wa kumwuliza meya habari za fakture. Basi macho yawe yenu. Ombeni mambo manne. Kila soko la mji libandikwe ukutani pa ofisi na sokoni: kitu gani, kiasi gani, bei gani, mwuzaji nani. Kila mwuzaji aandike mwenye duka na ndugu zake. Vitu vikifika, wahesabu mbele ya walimu, waganga au wazee wa mtaa watakaovitumia. Na kamati za pesa za migodi zifuate sheria hizo hizo, maana tumeona wajumbe wanaogeuka wauzaji kabla mwaka haujaisha.

Mkiuliza, ulizeni kwa adabu na kwa hesabu, bila matusi. Msimwite mtu mwizi kwa sababu ya kabila lake au ya chuki ya jirani. Mwambieni tu: “Bwana, tuonyeshe karatasi.” Aliye safi atafurahi kuionyesha, kwa kuwa itafunga midomo ya wasemaji. Asiyetaka kuionyesha, mwulizeni tena wiki ijayo, na wiki inayofuata, mkiwa wengi zaidi.

Tumesema.