Hatima ya Dunia na Wajibu wa Mkristo: Mfano Kutoka Makunduchi

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika adhimisho la miaka 100 ya Usharika



1. Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja hutazama nyuma kwa shukrani, ukiwakumbuka waliotangulia, waliobeba mawe ya msingi na waliofundisha watoto katekisimu chini ya miti. Lakini jubilei humtaka Mkristo atazame mbele pia. Watoto waliobatizwa mwaka huu, wakijaliwa umri, wataiona sehemu kubwa ya miaka mia ijayo. Je, kanisa linawafundisha nini juu ya nchi watakayoishi ndani yake?

Yapo mahubiri yanayosikika mara nyingi, mijini na vijijini, yasemayo kwamba kwa kuwa dunia hii itateketezwa kwa moto, hakuna sababu ya kujisumbua nayo. Lililo la maana ni roho kufika mbinguni. Mafundisho hayo yana sura ya uchaji, bali matunda yake ni machungu. Mwenye kuyaamini hufyeka msitu wala asipande mti, na dhamiri yake isimshitaki, kwa maana amekwisha kuambiwa kwamba nyumba hii inangoja kuchomwa. Mada hii inakusudia kuonyesha kwamba moto unaotajwa na Maandiko ni moto wa kuhukumu na kutakasa, wala si wa kuifutilia mbali kazi ya Muumba; na kwamba kwa sababu hiyo mwanadamu atatoa hesabu ya nchi aliyokabidhiwa.

2. Sura tatu za kwanza

Ni jambo la kutafakari kwamba neno la Biblia lililotangulia kuchapwa kwa Kiswahili ni habari ya uumbaji. Dkt. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg huko Ujerumani, aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri na kutumwa na chama cha misioni cha Kianglikana cha CMS, alifika Unguja Januari 1844. Alipokewa na Sayyid Said bin Sultan, akapewa barua ya kumtambulisha kwa viongozi wa pwani. Mwaka huohuo alihamia Mombasa, na huko mwezi Julai akamzika mkewe, Rosina, pamoja na binti yao mchanga. Katika mwaka huo wa msiba ndipo alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akiwategemea wenyeji Waislamu waliomfundisha lugha. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapwa Marekani katika jarida la wataalamu wa lugha na elimu za Mashariki.

Sura hizo tatu zinabeba mambo yote yanayohusu mada hii: nchi iliyoumbwa ikawa njema, mwanadamu aliyewekwa bustanini, na anguko lililoleta laana juu ya ardhi. Katika Mwanzo 1:28 mwanadamu anaagizwa kuitiisha nchi na kutawala, na maneno ya Kiebrania yaliyotumika hapo ni mazito. Lakini Mwanzo 2:15 inaeleza jinsi ya kutawala. Mwanadamu amewekwa bustanini ailime na kuitunza. Kitenzi cha kwanza kwa Kiebrania ni kutumika, na hutumika pia kwa utumishi wa ibada. Kitenzi cha pili ni kulinda, nacho ni kilekile kilicho katika Baraka ya Haruni, ambayo washarika huipokea mwishoni mwa ibada wakiwa wamesimama. Yule ambaye Bwana humlinda kila Jumapili ameagizwa kuilinda nchi siku sita zinazofuata.

3. Moto wa Petro

Wanaosema kwamba dunia itatoweka kabisa huitegemea sana 2 Petro 3:10. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 kwa Kiunguja, inasema kwamba nchi na kazi zilizomo zitateketea. Hata hivyo, nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zina neno jingine mahali hapo: zinasema nchi na kazi zake zitaonekana, yaani zitafichuliwa mbele ya Hakimu. Tofauti ni kubwa. Kitu kilichoteketea hakina maswali tena, bali kilichofichuliwa kinahojiwa.

Aidha, mtume mwenyewe anatoa mfano katika aya ya 6. Anasema kwamba dunia ya wakati wa Nuhu iliangamia kwa maji. Lakini baada ya gharika Nuhu alishuka katika safina akakanyaga ardhi ileile, akapanda mizabibu, na Mungu akafanya agano naye, na uzao wake, na kila kiumbe chenye uhai. Kilichoangamia ni uovu uliokuwa umeijaza nchi. Ikiwa maji yaliiangamiza dunia kwa namna hiyo, moto nao usomwe kwa namna hiyohiyo. Tena, mtume anapotaja mbingu mpya na nchi mpya, hutumia neno la Kiyunani lenye maana ya upya wa hali, kama mtu aliyefanywa kiumbe kipya katika Kristo ilhali jina lake ni lilelile.

4. Kibanda cha Makunduchi

Maji na moto, vitu viwili anavyovitaja Petro, hukutana kila mwaka katika desturi ya kijiji kimoja cha kusini ya Unguja. Huko Makunduchi, mwezi Julai, wenyeji huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka wa jua inayohusishwa na asili ya Kishirazi na Nairuzi ya Uajemi. Jina lenyewe linatokana na koga, yaani kuoga, mwaka huoshwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mapande ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kimalizike hadharani, nao wanawake huimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Kisha hujengwa kibanda cha makuti na kutiwa moto, nao waliomo ndani hutoka salama. Baada ya hapo huwa karamu, na mwenyeji asiye na mgeni siku hiyo huona amepungukiwa.

Desturi hiyo si ya Kikristo, na wenyeji wake walio wengi ni Waislamu. Wala si halali kwa mgeni kuivika imani isiyo yao. Lakini Bwana Yesu alifundisha kwa mifano ya mpanzi, wavu na chachu, na mwenye kuutazama moto ule atajifunza jambo moja. Kibanda huchomwa, mji hubaki. Hakuna mtu wa Makunduchi ambaye, kwa kuwa amekiona kibanda kikiungua, huacha kulima konde lake au kutengeneza dema lake. Ugomvi umeteketea, kesho yake, maji yakitoka, watu hushuka pwani kama kawaida. Moto umewapa mwanzo mpya katika nchi ileile.

Mkristo wa Kilutheri ana mfano ulio karibu zaidi. Katekisimu Ndogo inafundisha kwamba katika ubatizo Adamu wa kale huzamishwa na kufa, na mtu mpya hufufuka. Mtoto anayetolewa majini ni yuleyule aliyeletwa na mama yake. Mungu anayemtendea hivyo mtoto mmoja ana uwezo wa kuitendea hivyo nchi yote, na Warumi 8 inasema kwamba viumbe vyote vinaugua kwa utungu vikiingojea siku hiyo. Utungu wa kuzaa una tumaini ndani yake.

5. Mapokeo ya Kilutheri

Ni haki kukiri kwamba Walutheri hawakuwa na sauti moja katika jambo hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 17, linafundisha kurudi kwa Kristo na hukumu, bali halikueleza namna nchi itakavyokuwa. Johann Gerhard, mwanateolojia mashuhuri aliyefariki mwaka 1637, alifundisha kwamba ulimwengu utaondolewa kabisa. Luther mwenyewe alielekea kwingine: alifananisha uumbaji wa sasa na mtu aliyevaa nguo za kazi, ambaye siku ile atavikwa nguo za sikukuu. Anayebadilishwa nguo hatupwi. Mafundisho ya Luther ndiyo yanayopatana zaidi na ufufuo wa mwili, kwa kuwa Mungu aufufuaye mwili uliotoka mavumbini hawezi kuyadharau mavumbi yenyewe.

6. Nchi iliyokabidhiwa

Makunduchi haifundishi kwa sherehe peke yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya kusini mashariki ya Unguja ni uwanda, nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba kwenye mianya. Wakulima wake walizoea kufyeka, kuchoma, kulima misimu michache, kisha kuiacha ardhi ipumzike mpaka kichaka kirudi. Desturi hiyo iliwezekana watu walipokuwa wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar yote. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Mapumziko ya ardhi yamefupika, na kuni za uwandani na chokaa inayochomwa kwa kuni hizo vimekuwa vikisafirishwa kwenda kuwapikia na kuwajengea watu wa mjini.

Baharini nako kuna habari. Kilimo cha mwani wa kuuza, kilichoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, kiliwapa wanawake wengi kipato chao wenyewe, lakini joto la maji limekuwa likiua aina ya mwani yenye bei kubwa. Matumbawe yalipauka sana mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Mama anayeshuka pwani kwa ajili ya mwani au pweza huyaona mambo hayo kabla ya mtaalamu yeyote.

Misitu nayo inatoa shuhuda mbili. Chui wa Unguja aliwindwa vikali, hasa baada ya mwaka 1964, kwa kuwa watu waliamini kwamba hufugwa na wachawi. Wataalamu wengi humhesabu kuwa ametoweka. Kiumbe alichokiumba Mungu kwa kisiwa kimoja kimeondolewa ndani ya umri wa mtu mmoja. Kwa upande mwingine yuko kima punju, ambaye asili yake ni Unguja. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilianzishwa mwaka 2004, na hesabu iliyotangazwa katika miaka iliyofuata ilipata kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Kilichotunzwa kimebaki.

7. Wajibu wa kanisa

Kanisa lisiende kwa watu wa kusini ya Unguja kama mwalimu aendaye kwa wajinga. Huko Misali, kisiwa kilicho magharibi ya Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi walielimishwa kuhusu kuitunza bahari kwa mafundisho ya Kurani, ambayo humwita mwanadamu khalifa katika nchi na kumkumbusha amana aliyopewa. Mkristo anayeliungama fundisho la uwakili atakuta hapo jirani wa kushirikiana naye pasipo kuificha imani yake.

Ndani ya KKKT wako waliotangulia. Mlima Kilimanjaro ulipoteza takribani asilimia 85 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007. Katika Dayosisi ya Kaskazini, chini ya mlima huo, Askofu Dkt. Fredrick Shoo, aliyepata kuwa Mkuu wa KKKT, aliongoza upandaji wa miti mingi hata watu wakamwita Askofu wa Miti, na vijana wa kipaimara wakafundishwa kupanda miti kama sehemu ya maandalizi yao. Huko Wittenberg, Shirikisho la Kilutheri Duniani liliandaa bustani ya miti 500 kwa ajili ya jubilei ya Matengenezo ya mwaka 2017.

Hapa pana onyo la Kilutheri. Mti haumwokoi aliyeupanda. Mkristo amekwisha kuokolewa kwa neema, na kwa hiyo mikono yake ipo huru kumtumikia jirani, akiwamo jirani ambaye bado hajazaliwa. Wahubiri wengi humnukuu Luther kwamba angepanda mti wa tofaa leo hata kama dunia ingekwisha kesho. Msemo huo haupatikani katika maandishi yake. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1944, Wajerumani walipokuwa katika vita na maangamizi. Hata hivyo, waliousema wakati huo walikuwa wameelewa: anayemngoja Bwana hafanyi kazi kidogo kuliko asiyemngoja.

Basi usharika uanze nyumbani. Kila jengo la kanisa limekula mchanga, chokaa na boriti. Kila karamu ya jubilei imepikwa kwa kuni au mkaa. Ni vema Baraza la Wazee liulize vilitoka wapi na nini kimepandwa mahali pake. Ni vema kila kijana wa kipaimara akabidhiwe mti, na miaka mitatu baadaye aulizwe hali yake, kwa maana kupanda ni kazi ya siku moja na kutunza ndiko kulikoagizwa bustanini. Tena Siku ya Mavuno iwe pia siku ya toba kwa ajili ya ardhi iliyochoshwa.

8. Hitimisho

Bwana atakuja, na moto wake utaijaribu kazi ya kila mtu. Kiburi, ulafi na udhalimu vitaungua kama makuti makavu. Nchi itasimama mbele yake wazi, ikiwa na kila mti uliokatwa na kila mti uliotunzwa, na wale waliokabidhiwa wataulizwa. Usharika huu umepewa miaka mia moja juu ya ardhi ambayo haukuiumba. Watakaokusanyika hapa baada ya miaka mia mingine, Bwana akikawia, wakute kivuli, maji na ardhi inayozaa, nao wapate kuiimba sifa ya Muumba pasipo kuona haya kwa ajili ya baba na mama zao.

Mungu na aibariki kazi ya mikono ya watu wake. Amina.