Mgao wa Matairi na Uamuzi wa Dereva



Desemba 2024 mji wetu ulipokea mkutano mkuu wa FIA, shirikisho linaloendesha mbio za magari duniani, pamoja na sherehe ya tuzo zake, iliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Max Verstappen, bingwa wa Formula 1 mwaka huo, alikabidhiwa kombe lake papa hapa Kigali. Rais Kagame akatangaza kuwa Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula 1, ambayo hayajaonekana barani mwetu tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Toka siku ile watu wamezungumza sana kuhusu gharama na mahali pa kujenga njia ya mbio. Kanuni hazijazungumzwa, na anayeomba kuwa mwenyeji ana haki ya kuwa na neno juu yazo. Nimechagua kanuni za matairi kwa sababu injini, breki na usukani, vyote hivyo, hufanya kazi yake kupitia vipande vinne vya mpira vinavyogusa ardhi.

Je, kanuni hizo zimebana kupita kiasi? Zile zinazogawa matairi hazijabana. Zile zinazomwamulia dereva lini ayabadilishe, na zile zinazomnyima kinga dhidi ya pancha, zimebana mno.

Nianze na mgao. Katika wikendi ya kawaida ya Formula 1 kila dereva hupewa seti 13 za matairi ya kavu, laini, ya kati na magumu, yote kutoka Pirelli, ambayo ndiyo msambazaji pekee tangu 2011. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni ukiritimba. Lakini tumewahi kuona kampuni mbili zikishindana. Kati ya 2001 na 2006 Michelin na Bridgestone zilipigana vikali, na timu iliyokuwa upande usiofaa siku hiyo ilishindwa hata kabla ya taa kuzimika, hata dereva wake awe hodari namna gani. Kwa timu maskini, na kwa nchi changa katika mchezo huu kama yetu, tairi moja kwa wote ni haki.

Shida huanza kanuni inapovuka mgao na kushika usukani. Mwaka 2005 ilikatazwa kubadilisha matairi katikati ya mbio, isipokuwa yakipata pancha au kuharibika. Mwezi Mei, kule Nürburgring, Kimi Räikkönen alikuwa akiongoza. Gurudumu lake la mbele lilikuwa limejifunga wakati akifunga breki, na tairi likalika upande mmoja. Kila mtu aliliona likitetemeka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mkono wa gurudumu ukatikisika kwenye picha za televisheni. Kuingia kambini kwa mafundi kulibadili kulimaanisha kupoteza ushindi. Mzunguko wa mwisho ulipoanza, mkono ule ulivunjika, gari likatoka njiani, na Fernando Alonso akashinda. Wiki chache baadaye, kule Indianapolis, Michelin iligundua kwamba matairi yake hayawezi kuhimili kona moja ya kasi yenye mteremko wa upande. Pande husika hazikuafikiana juu ya ufumbuzi. Tarehe 19 Juni magari 20 yalitoka kwa mzunguko wa kujipanga. 14, yaliyovaa Michelin, yakarudi kambini, 6 tu yakashindana mbele ya umati uliolipa viingilio. Kanuni ile ya kutobadilisha matairi haikufika hata msimu wa pili.

Nilidhani somo hilo limeingia. Lakini mwaka 2025 kule Monaco kila dereva alilazimishwa kutumia angalau seti tatu za matairi, ili mbio zichangamke. Matokeo yake timu za Racing Bulls na Williams zilimwamuru dereva mmoja atambae makusudi, awazuie wote walio nyuma, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia kambini bila hasara. Dereva wa daraja la juu kabisa duniani aliambiwa aendeshe polepole! Hapo hakuna anayeweza kuniambia kuwa mchezo umesaidiwa.

Novemba mwaka huohuo, Qatar, ukomo uliwekwa kuwa mizunguko 25 kwa kila seti. Sababu yake ilikuwa usalama, nami naiheshimu, kwani kona za pale huyatesa matairi. Lakini tazama hesabu: mbio zilikuwa za mizunguko 57. Gari la usalama, linalowapunguzia wote kasi, lilipotoka mzunguko wa 7, zilibaki 50, yaani mara mbili 25 kamili. Karibu wote waliingia kambini kwa pamoja. McLaren wakabaki njiani, na Verstappen akashinda. Kuanzia hapo hapakuwa na hila tena, kila mmoja alijua mwenzake ataingia lini. Ikiwa tairi haliwezi njia fulani, basi litengenezwe tairi gumu zaidi kwa njia hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirejea katika ubingwa wa dunia wa rali mwaka 2021, na makao yake ni Naivasha. Miamba ya volkano katika hatua ya Kedong ina ncha zinazokata ubavu wa tairi, na vumbi laini huificha usiione. Mwaka 2022 Sébastien Ogier alipata pancha pale siku ya Ijumaa, akapoteza zaidi ya dakika mbili, akamaliza wa nne. Zamani matairi ya rali yalikuwa na povu zito ndani, lililomwezesha dereva kuendelea hata upepo ukitoka. Mwaka 2008, Pirelli ilipofanywa msambazaji pekee wa ubingwa huo, povu likapigwa marufuku. Tena gari haliruhusiwi kubeba spea zaidi ya mbili. Pancha ya tatu kabla ya kufika kwa mafundi, na siku imekwisha.

Spea mbili sina ugomvi nazo. Uzito wa spea ni hesabu ya dereva: abebe moja awe mwepesi, au mbili awe salama. Huo ndio uamuzi ninaoupenda. Povu ni jambo jingine. Kulikataza kwenye lami ya Ulaya hakumuumizi mtu sana. Kulikataza juu ya miamba ya Bonde la Ufa ni kuiachia bahati kazi ambayo Shekhar Mehta, mshindi wa Safari mara tano, aliifanya kwa ustadi wa kusoma njia.

Mtaniambia mashabiki wanataka msisimko. Ni kweli, na Pirelli yenyewe iliombwa itengeneze matairi yanayochakaa haraka baada ya mbio za Canada za 2010, ambazo zilisisimua kwa sababu matairi yalikwisha mapema. Lakini pale Canada hakuna aliyepanga. Timu zilikuta lami mbaya, kila moja ikatafuta njia yake, na watazamaji wakaona akili zikishindana.

Kwa hiyo napendekeza tuanzie kwenye mashindano yetu, Rwanda Mountain Gorilla Rally, yanayojulikana katika ubingwa wa Afrika. Idadi ya matairi ibaki na ukomo, ili mwenye fedha asimzidi mwenzake kwa lori la matairi. Ndani ya ukomo huo, kila dereva achague mpira wake, laini au mgumu, na abadilishe anapotaka. Povu liruhusiwe kwa dereva anayejilipia mwenyewe, ambaye tairi moja lililopasuka kwenye changarawe ya Bugesera linaweza kumfungia msimu mzima. Wanafunzi wa uhandisi mlio hapa mpewe matairi yaliyotumika kila baada ya mashindano, mpime yalikatika wapi, kwa jiwe gani, na kwa upepo kiasi gani. Tukikaa mezani na FIA tuweke vipimo hivyo mbele yao, tudai povu lirudi Naivasha, na tudai kwamba zikija mbio kubwa Rwanda, hakuna dereva atakayeamriwa na karatasi mzunguko wa kuingia kambini.