Kuchagua Gari la Familia Katika Nchi ya Miteremko na Mchanga

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Newala)



Kwa desturi nisimamapo mbele yenu huzungumzia vitabu vya hesabu na stakabadhi. Leo nimeombwa nizungumzie jambo la nyumbani, yaani uchaguzi wa gari la familia. Hata hivyo jambo hili haliko mbali na kazi yetu. Kila msimu, minada ikishaanza mwezi wa Oktoba na fedha za korosho zikishaingia katika akaunti za wakulima, magari huongezeka Masasi na Newala. Ifikapo masika, baadhi yake yamekwisha egeshwa chini ya mikorosho, na kuku wanataga ndani yake.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walionunua kwa macho. Baada ya msimu mmoja mzuri nilichukua gari dogo la watu watano, jeupe, linalong'aa. Mwezi wa Machi uliofuata mama yangu aliugua usiku katika kijiji kilicho bondeni, upande wa Ruvuma. Ilibidi alazwe kiti cha nyuma, na dada yangu ampakate kichwa. Hivyo wengine waliotakiwa kumwuguza walibaki nyumbani. Tulipoanza kupanda kuelekea Newala, tumbo la gari lilikwaruza ardhi, kisha maji ya rejeta yakachemka. Tulikaa njiani mpaka alfajiri, jirani alipotuokoa kwa Noah yake kuukuu. Mama alipona. Lakini aliniambia, "Mwanangu, gari hili ulilinunua kwa ajili ya nani?" Ndugu zangu, swali hilo ndilo la kwanza kwa kila mnunuzi.

Gari lichaguliwe kwa siku iliyo mbaya kuliko zote katika mwaka, si kwa siku ya malipo.

Kwanza, nafasi. Wahesabu watu wa nyumbani, pamoja na mzee asiyeweza kukunja magoti na mgonjwa anayehitaji kulala. Wazee wetu wanaikumbuka Peugeot 504 yenye mistari mitatu ya viti. Siku hizi wengi hutumia Toyota Noah, ambayo huchukua watu saba au wanane. Probox ni gari shupavu la mizigo, lakini ni la watu watano, na kiti cha nyuma cha ile iliyoundwa kwa mizigo ni chembamba kwa safari ndefu.

Pili, uzito. Nafasi si sawa na nguvu. Huko Japani abiria mmoja hukadiriwa kuwa na kilo 55; basi gari la watu wanane limekadiriwa kubeba kilo 440. Sisi wa uwanda wa juu hatuna mito, na maji tunayafuata mbali. Madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200. Ukiongeza watu wazima sita wa kilo 65, umefika kilo 590. Gari litakwenda, lakini springi, breki na injini ndizo zitakazolipa deni hilo.

Tatu, njia. Pima kwa rula kutoka tumbo la gari hadi ardhini. Fahamu pia magurudumu yanayosukuma. Noah zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001 husukumwa na magurudumu ya nyuma. Zilizofuata husukumwa na ya mbele. Na zote zina aina za magurudumu manne. Katika mlima wa mchanga, gari likijaa watu, uzito huegemea nyuma, na gurudumu la nyuma hushika vizuri zaidi kuliko la mbele.

Nne, matengenezo. Gari la kuaminika ni lile ambalo fundi wa Masasi analifahamu na spea zake zinapatikana Mtwara bila kungoja mwezi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Liwashwe asubuhi injini ikiwa baridi. Lipandishwe mlima likiwa na watu, nawe utazame mshale wa joto. Literemshwe kwa gia ndogo, ujue breki zake. Uliza mkanda wa injini ulibadilishwa lini. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi, kisha uhakikishe kwamba gari halidaiwi faini wala kodi.

Tano, fedha. Mwezi wa Oktoba 2024 bei ya mnada wa kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ya namna hiyo humfanya mtu aone kila kitu ni rahisi. Lakini tukumbuke msimu ulioanza 2018: Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Aliyekuwa amechukua gari kwa ahadi ya korosho zilizo ghalani alijikuta taabuni. Tenga kwanza salfa ya msimu ujao, ada za watoto na chakula. Katika kilichobaki, usimalize chote kwa bei ya gari. Weka akiba ya matairi, bima na matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Ndugu Makatibu, hapa nasema kama mkaguzi. Fedha ya chama isiazimwe hata kwa siku moja kukamilisha bei ya gari la mtu. Kila upungufu mkubwa huanza kwa neno "nitarudisha kesho". Anayepungukiwa na aombe mkopo katika chama cha akiba na mikopo, kwa jina lake na dhamana yake, au angoje msimu mwingine. Kungoja hakujamfikisha mtu mahakamani.

Ndugu Wanachama, mkirudi nyumbani muwaulize wenzenu wa nyumbani, hasa akina mama, kabla ya kumwuliza muuzaji. Wao ndio wajuao nani atalala kiti cha nyuma.